Neno "Nitajitahidi"

Liko neno moja ambalo twalisikia kila mwanzo wa mwaka, nalo ni tamu kulisema na jepesi kulisahau. Baba aahidi kwamba mwaka huu atajitahidi kuweka akiba. Kijana aliyemaliza shule asema atajitahidi kutafuta maisha. Mwenye meza pale Soko la Kilombero, mjini Arusha, akiulizwa atafanyaje na biashara iliyozorota, ajibu kuwa atajitahidi zaidi. Hatuwalaumu; ni watu wema, na nia yao ni njema. Lakini tazameni, wapenzi wasomaji, jinsi neno hili lilivyo na hila: aliyelisema hawezi kushindwa kamwe. Ikifika Desemba, nani atamwambia kuwa hakujitahidi? Kwa shilingi ngapi? Kwa siku ngapi? Neno halikuweka kigingi mahali po pote, basi hapana mahali ambapo mtu aweza kusimama na kusema, "Hapa ndipo ulipokusudia kufika, nawe hukufika."

Twataka leo kuuliza kama mtu anayekusudia kuishi vema awajibika kuyapa makusudi yake kipimo, katika biashara yake na katika maisha ya nyumba yake. Au kama kuhesabu ni desturi tu ya wafanya biashara, ambayo wengine twaweza kuiacha bila hasara.

Wako wanaojibu kwa haraka kwamba utu hauwekwi kwenye mizani. Watamtaja hata Mfalme Daudi, aliyewahesabu watu wake na taifa likapatwa na tauni kwa ajili hiyo. Pingamizi hili si dogo, nasi hatulipuuzi. Lakini Daudi alihesabu apate kuujua ukubwa wa nguvu zake, ilhali yule mjenzi wa mnara anayetajwa katika Injili aliketi kuhesabu gharama asije akaacha msingi mtupu mbele ya jirani zake. Nalo Kanisa, linapompokea mwenye kutubu, halitosheki akisema kwamba yeye ni mkosefu. Lamtaka ataje makosa yake makubwa kwa aina na kwa idadi, maana anayekiri ukosefu kwa jumla mara nyingi hajakiri kitu. Basi kuhesabu si jambo geni katika maisha ya roho. Lililo gumu ni kujua kinachohesabiwa, na anayehesabu.

Mji wa Arusha wenyewe watupa mfano mkubwa. Tangu tarehe 26 hadi 29 Januari 1967 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana hapa, na tarehe 5 Februari likatangazwa lile Azimio lililoufanya mji huu ujulikane ulimwenguni. Wanaolisoma Azimio leo aghalabu hutafuta ndani yake fikira kubwa: ujamaa, kujitegemea, heshima ya kazi, onyo juu ya kuifanya fedha kuwa msingi wa maendeleo. Hizo zimo. Lakini yamo pia masharti machache mafupi juu ya viongozi, makavu kama orodha ya mwenye duka. Hisa za kampuni zilikatazwa, ukurugenzi wa kampuni za kibepari ulikatazwa, mshahara wa pili ulikatazwa, na nyumba ya kupangisha ilikatazwa.

Mtaalamu na mkulima waweza kubishana usiku kucha kama nchi fulani imekwisha kuwa ya kijamaa. Lakini mjane asiyejua kusoma, aliyepanga chumba kule Ngarenaro au Unga Limited, ajua kila mwisho wa mwezi ni nani aliyempa kodi yake. Hana haja ya mtaalamu. Mshahara wa pili ni wa pili, na nyumba ni nyumba. Ndiyo maana masharti hayo, ambayo kwa maandishi hayajazi hata ukurasa, ndiyo yaliyouma kuliko sehemu zote nyingine za Azimio.

Mwezi wa Februari 1991, huko Zanzibar, Halmashauri Kuu ya CCM iliyalegeza. Wako waliosema nyakati zilikuwa zimebadilika, na kwamba mtumishi wa umma hakuweza tena kuishi kwa mshahara mmoja. Wako walioona ni mwisho wa Azimio lenyewe. Ubishi huo hatutaki kuuanzisha upya. Twamwomba msomaji aone tu kipi kilichoondoka na kipi kilichobaki. Neno ujamaa limo katika Katiba ya nchi hata leo, wala halimsumbui mtu. Kilichoondoka ni kile ambacho yule mjane wa Ngarenaro aliweza kukihesabu.

Mwalimu Nyerere mwenyewe aliujua uzito wa kupimwa. Mwaka 1967 vijana walioandamana kuliunga mkono Azimio walimwuliza itachukua muda gani nchi kuwa ya kijamaa, naye alidhani miaka 30. Mwaka 1977, alipoandika juu ya miaka kumi ya Azimio, alikiri mbele ya watu wote kwamba Tanzania haijawa ya kijamaa wala ya kujitegemea, na kwamba ile miaka 30 ilikuwa michache mno. Ni wakuu wa nchi wachache waliopata kuitoa hesabu yao namna hiyo. Lakini tusisahau kwamba aliweza kuitoa kwa sababu alikuwa ametaja idadi ya miaka. Laiti angalisema tu kwamba nchi itajitahidi, mwaka 1977 hapangalikuwa na lo lote la kukiri.

Tuyaache sasa mambo ya taifa, tukitazame kisanduku. Akina mama wengi wa Tengeru, Usa River na Kijenge, wauzao ndizi, nyanya na mitumba, wamo katika vikundi vya kuweka na kukopa ambavyo watu wamezoea kuviita VICOBA. Kila juma huketi, kila mmoja hununua hisa zake mbele ya wenzake, fedha huhesabiwa kwa sauti, idadi huandikwa, na kisanduku hufungwa kwa kufuli tatu ambazo funguo zake hushikwa na watu watatu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nao hawakusomea uhasibu. Kwa nini mama yule yule, aliyeshindwa miaka kumi kuweka akiba chini ya godoro, aweza kufika mwisho wa mwaka na hisa zote alizokusudia? Mapato yake hayakuongezeka. Lakini "kuweka akiba" kumegeuka kuwa "hisa tatu kila Jumatano", na wako watu ishirini na watano wanaojua kwamba Jumatano iliyopita alinunua mbili.

Aibu kidogo imo katika utaratibu huo, twakubali. Lakini imo pia rehema. Mwenzao akianza kulegea, kikundi chajua mapema, tena chajua ni kwa kiasi gani, na mfuko wa kusaidiana waweza kumfikia kabla hajazama. Mtu wa "nitajitahidi" huzama kimya. Mume aliyeahidi kujitahidi kumpeleka mtoto kidato cha kwanza aamka Januari na kukuta kwamba ada ya shule za serikali imeondolewa, kama ilivyoondolewa tangu mwaka 2016, lakini godoro, tranka, sare, viatu na nauli havikuondolewa. Hapo aanza kuzunguka kwa ndugu, na mtoto akaa nyumbani juma la kwanza na la pili akiwatazama wenzake wakipita barabarani na sare mpya. Nani aliyemkosea mtoto huyo? Twathubutu kusema kwamba kosa halikutendeka Januari. Lilitendeka siku ile baba alipotoa ahadi isiyo na tarakimu, akajisikia amekwisha kutimiza wajibu kwa kuitamka.

Hata hivyo si kila kinachohesabika kinafaa kuwa shabaha. Wakulima wa kahawa wa miteremko ya Meru wamelipa sana kulijifunza hili. Mkulima wa Akheri au Nkoaranga akisema, "Mwaka huu kahawa inipe milioni mbili," ametaja tarakimu, na kwa mtazamo wa haraka ametimiza tunayoyadai. Lakini tarakimu hiyo haimo mkononi mwake. Imo katika mnada wa Moshi, na nyuma ya mnada wa Moshi imo katika hali ya hewa ya Brazili. Julai 1975 baridi kali iliiunguza mibuni ya huko, na katika miaka ya 1976 na 1977 bei ikapanda duniani kote; mkulima wa Meru akajiona hodari. Julai 1989 mapatano ya kimataifa yaliyokuwa yakigawa viwango vya kuuza kahawa yakavunjika, na bei ikaporomoka. Mkulima yule yule, kwa mibuni ile ile na jembe lile lile, akajiona mjinga. Wengi katika miaka iliyofuata waliing'oa mibuni wakapanda nyanya, mahindi na migomba.

Jirani yake alikuwa amekusudia mambo mengine: kupogoa mibuni 200 kabla ya masika, kukata 40 iliyozeeka ipate kuchipua upya, kutia samadi kila shina, kuchungulia majani kila juma asije akashtukizwa na kutu, na kuchuma mbivu peke yake. Mtu huyu aliweza kujihukumu kwa haki katika mwaka wa neema na katika mwaka wa taabu. Hakulewa mwaka 1977, wala hakujidharau mwaka 1990. Hatusemi kwamba asitazame bei. Mwenye watoto wa kulisha ataacheje kuitazama, na ikimlazimu kubadili zao, na abadili. Twasema kwamba bei si kipimo cha mtu. Anayejipima kwa kisichomo mkononi mwake hufundishwa kiburi mwaka mmoja na kukata tamaa mwaka wa pili, na masomo yote mawili ni ya uongo.

Hapa yafaa kumkumbuka Filbert Bayi, mtoto wa Karatu, ambaye tarehe 2 Februari 1974, katika michezo ya Jumuiya ya Madola huko Christchurch, alikimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akaivunja rekodi ya dunia. Watanzania twajivunia, na ni haki yetu. Lakini sisi humfikiria pia yule wa pili, John Walker wa New Zealand, ambaye siku ile naye alipita chini ya rekodi ya zamani. Kwa medali alikuwa ameshindwa, tena mbele ya watu wa kwao. Kwa saa alikuwa amefanya jambo ambalo katika dunia nzima mtu mmoja tu alikuwa amelifanya, chini ya nusu sekunde mbele yake. Wazazi wanaouliza kila muhula mtoto amekuwa wa ngapi darasani, wala wasiulize sasa anajua nini asichokijua muhula uliopita, wangefanya vema kuifikiria mbio hiyo.

Na shule ndiko ambako mambo ya vipimo yametutesa zaidi. Tulipokusudia kwamba ifikapo 1977 kila mtoto awe ameingia darasa la kwanza, ilikuwa shabaha nzuri yenye tarehe, na watoto waliingia kwa wingi ambao nchi chache maskini zilipata kuuona. Lakini kilichohesabiwa kilikuwa watoto walioingia. Walimu walitafutwa kwa haraka, na watu, kwa ukali wao wa maneno, wakazifasiri herufi za UPE kuwa "Ualimu Pasipo Elimu". Mzaha huo uliwaonea wengi waliofundisha kwa moyo, lakini ulikuwa na mbegu ya kweli. Baadaye, Februari 2013, yalipotoka matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa wamepata sifuri. Nchi ilishtuka. Mwezi wa Mei serikali ikayafuta matokeo hayo na kuagiza yapangwe upya. Mwaka huo huo mpango wa Matokeo Makubwa Sasa ulikuwa ukitaka ufaulu upande mwaka hata mwaka, hadi asilimia 80 mwaka 2015.

Sababu za kuyapanga upya zilitolewa, na huenda nyingine zilikuwa za haki kwa watoto, maana namna ya kupanga madaraja ilikuwa imebadilishwa. Lakini mwalimu akiambiwa kwamba atahukumiwa kwa asilimia, na ofisa wake aambiwa hivyo hivyo, na mkuu wa ofisa vile vile, kila mmoja wao aanza kuitazama asilimia, na mtoto ambaye asilimia hiyo ilimhusu aonekana kwa mbali. Fundi nguo anayejua kwamba hatapata ujira mpaka nguo itimie urefu fulani aweza kuongeza kitambaa, na aweza kufupisha futi. Njia ya pili ni nyepesi, na haionekani mpaka siku ya kuvaa.

Je, yako mambo ambayo hesabu hayafikii kabisa? Yako, na Meru yalijua moja. Novemba 1951 serikali ya Kiingereza iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi wachache wa Kizungu. Nyumba zilichomwa. Wameru wakachanga fedha, na mwaka 1952 wakamtuma Kirilo Japhet hadi New York, pamoja na mwanasheria Earle Seaton, kupeleka shauri mbele ya Umoja wa Mataifa. Shabaha yao ilikuwa wazi kuliko shabaha zote: ardhi irudi. Ilipopigwa kura katika Baraza Kuu, azimio la kuwarudishia ardhi halikupata theluthi mbili zilizotakiwa. Kwa kipimo walichojiwekea, walipata sifuri.

Lakini Mwafrika wa Tanganyika alikuwa amesimama kwa mara ya kwanza katika baraza la mataifa akiitaka dola iliyomtawala itoe hesabu ya matendo yake. Aliporudi alizunguka nchini akiwaeleza watu yaliyotokea, na wengi waliokuja kuunda TANU mwaka 1954 walikuwa wamekwisha kuisikia habari ya Meru. Hayo hayakuandikwa katika daftari la wachangaji. Twayasema kwa uangalifu, maana liko jaribu la kuitumia habari hii kufunika hasara. Mama aliyelala nje Novemba ile, na watoto wake na mbuzi wachache, alikusudia shamba lake, hakukusudia historia. Mwenye haki ya kusema kwamba safari ile ilifaulu au haikufaulu ni yeye kwanza, na sisi baadaye. Wanaopenda kutufariji kwa faida zisizohesabika yafaa waulizwe kama wamekwisha kuzisoma zile zilizohesabika.

Twafika hapo kwenye jambo lililotusukuma kuyaandika haya. Katika mji wa Arusha na vitongoji vyake, kama ilivyo nchini kote, maelfu ya vijana huendesha pikipiki ambazo si zao. Jioni kila mmoja hupeleka kwa mwenye pikipiki kiasi kilichokubaliwa, nacho huitwa hesabu. Mwenye mkataba hulipa hesabu hiyo siku kwa siku, muda wa mwaka mmoja na zaidi, mpaka chombo kiwe chake. Kwa upande mmoja ni mfano bora wa yote tuliyoyasifu: kiasi chajulikana, siku zajulikana, na mwisho wake kijana asiye na shamba wala cheti apata mali yake mwenyewe kwa jasho lake. Wengi wamejenga kwa njia hiyo, na wamewasomesha wadogo zao.

Kwa upande wa pili, tarakimu hiyo haikuwekwa na yule anayeibeba. Siku ya mvua kubwa, barabara ya Moshono ikiwa tope na abiria wamejifungia majumbani, hesabu haipungui. Siku ya msiba haipungui. Saa tatu za usiku kijana apiga hesabu kichwani, aona bado shilingi elfu nne, na kichwa kilichochoka tangu alfajiri chamwambia aongeze mwendo na apakie wawili. Wauguzi wa wodi za majeruhi wanayajua yanayofuata. Mwenye pikipiki akisikia kwamba kijana wake amevunjika mguu kule njia panda, ataenda kumwona na machungwa, atahuzunika kweli kweli, wala haitamjia akilini kwamba tarakimu aliyoitaja miezi sita iliyopita, akiwa ameketi kivulini, nayo ilikuwapo pale njia panda.

Tusidhani wenye pikipiki ni watu wa mbali. Ni walimu, ni wauguzi, ni makarani, ni wazee wetu wa jumuiya, watu walioweka akiba kwa kipimo na nidhamu mpaka wakanunua chombo cha pili na cha tatu. Shabaha yao ya kuwasomesha watoto wao ndiyo iliyozaa hesabu ya kijana. Hilo si dhambi. Lakini aliye na haki ya kujiwekea shabaha kali hana haki ile ile ya kumwekea mwingine, hasa mwingine ambaye akikataa wako kumi wanaongoja. Mtu akijinyima chakula cha mchana afikishe lengo, ni shauri lake. Akimnyima mwingine kwa tarakimu, ni shauri la wawili, na mmoja wao hakuulizwa.

Mambo haya yanarekebishika, tena bila sheria mpya. Hesabu yaweza kupokelewa kwa juma badala ya siku, ili Jumamosi njema iibebe Jumanne ya mvua. Siku sita zaweza kuhesabiwa na ya saba ikawa ya kijana. Siku za msiba na za ugonjwa zaweza kusogezwa mwisho wa mkataba, zikaandikwa katika daftari ambalo nakala yake anayo naye. Na kabla ya kiasi kutajwa, mwenye chombo aweza kumwuliza anayekipanda yeye aona ni kiasi gani, kisha angoje jibu. Familia zenye pikipiki barabarani zaweza kulizungumza jambo hili jioni hii, kabla kijana hajafika mlangoni na fedha zake zilizokunjwa.